Kisu Kinapofika Chini ya Gome

Katika kazi zote za kutengeneza upinde wa mbao, kuambua gome ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Mti umeshachaguliwa, umekatwa, umelazwa kivulini miezi kadhaa hadi ukakauka, na sasa kilichobaki juu yake kinaonekana ni ganda tu la kutupa. Kazi hiyo huachiwa anayejifunza, huku fundi mwenyewe akiweka akili yake kwenye unene wa mikono ya upinde, umbo la mshikio na usukaji wa upote. Nadhani mpangilio huo umepinduka. Uso ulio chini kabisa ya gome ndio utakaobeba mvutano mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya upinde, na madhara ya kisu mahali hapo hutegemea pembe ya mkato kuliko kiasi cha mti ulioondolewa. Anayeielewa pembe hiyo anaweza kuchonga sana na upinde ukawa mzima. Asiyeielewa anaweza kuuharibu kwa jeraha la milimita mbili.

Tuanze na kinachotokea upinde unapovutwa. Upande unaotazama shabaha, ambao mafundi huuita mgongo, hurefuka. Upande unaomtazama mpigaji, yaani tumbo, hubanwa ukafupika. Katikati ya hizo mbili kuna tabaka ambalo halirefuki wala halifupiki, na kadiri nyuzi zinavyokaa mbali na tabaka hilo ndivyo zinavyoteseka zaidi. Chukua mkono wa upinde wenye unene wa sentimita 1.5, ukunje ufuate duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 80: mgongo utarefuka kwa asilimia 0.9 hivi. Ni kidogo kwa macho, lakini kwa mbao hapo tayari ni karibu na ukingo. Hesabu nyingine inaeleza zaidi. Ukiugawa unene wa mkono wa bapa katika mafungu kumi yaliyo sawa, fungu la juu kabisa na la chini kabisa, hayo mawili peke yake, hubeba takriban nusu ya mzigo wote wa kukunjwa. Manane ya katikati hugawana nusu iliyobaki. Kwa hiyo milimita moja na nusu ya kwanza chini ya gome inafanya kazi isiyolingana hata kidogo na unene wake, na ndiyo milimita ambayo kisu cha kuambulia kinaikuta mwanzo.

Mbao imeundwa na seluli ndefu na nyembamba zilizolala kufuata urefu wa shina. Zikivutwa kwa urefu zinavumilia mno. Zikivutwa kwa ubavu huachana kwa nguvu ndogo sana, mara nyingi chini ya moja ya ishirini ya ile ya kwanza. Ni kama fungu la chelewa lililogandishwa kwa gundi: kulikata kwa kulivuta ncha kwa ncha ni shida, lakini kulibandua ubavuni anaweza hata mtoto. Nyuzi za mgongo zikitoka ncha moja hadi nyingine bila kukatwa, mvutano wote hupita ndani ya nyuzi zenyewe. Pale kisu kilipozikata kwa mshazari, mvutano hauna njia ila kuhama kutoka uzi uliokatwa kwenda ule wa chini yake, kupitia kile kinachozishikanisha, ambacho ni dhaifu. Hapo ndipo kibanzi hunyanyuka, na kibanzi kikishanyanyuka upinde umekwisha.

Udhaifu huu umepimwa. Maabara ya mazao ya misitu ya serikali ya Marekani, iliyoko Madison katika jimbo la Wisconsin, imekuwa ikichapisha jedwali la nguvu za mbao kulingana na mteremko wa nyuzi, yaani nyuzi zinapanda au kushuka kiasi gani katika urefu fulani wa ubao. Ubao ambao nyuzi zake zinateremka sentimita 1 kwa kila sentimita 25 hubaki na asilimia 96 ya nguvu yake ya kukunjwa. Mteremko wa 1 kwa 15 huacha asilimia 89, wa 1 kwa 10 huacha 81, na wa 1 kwa 5 huacha 55 tu. Kwa pigo la ghafla hali ni mbaya zaidi: 1 kwa 10 huacha asilimia 62, na 1 kwa 5 huacha 36. Sasa linganisha na mbao inapobanwa kwa urefu wake. Mteremko uleule wa 1 kwa 10 huacha asilimia 99, na hata 1 kwa 5 huacha 93. Tumbo la upinde, basi, linaweza kuchongwa kwa tezo bila woga mwingi, kwa kuwa kazi yake ni kubanwa. Mgongo hauna msamaha huo. Mafundi wa kale hawakuwa na jedwali, lakini desturi ya kuchonga tumbo na kuuheshimu mgongo imeenea katika mabara mengi, na tarakimu hizi zinaonyesha sababu yake.

Ziweke tarakimu hizo mkononi mwa mtu anayeambua gome kavu. Kisu kimekwama kwenye sehemu ngumu, anakisukuma kwa nguvu, gome linaachia ghafla na makali yanazama ndani ya mti kina cha milimita 2, kisha yanatoka tena baada ya sentimita moja. Kovu hilo lina mteremko wa 1 kwa 5. Mtu anaweza kusema kwamba jedwali linahusu ubao mzima wenye nyuzi zilizoinama, wala si kovu moja dogo. Ni kweli, ila ukweli huo hauleti nafuu. Upinde haukatiki kwa wastani wa nguvu zake. Hukatikia mahali palipo dhaifu kuliko pote. Tena kovu lenye kona kali hukusanya mkazo kwenye kona ile, jambo ambalo ubao ulioinama nyuzi sawasawa haulifanyi. Jedwali linampendelea fundi. Hali halisi ya kovu ni mbaya kuliko tarakimu zinavyosema.

Kwa nini gome kavu linang'ang'ania hivyo? Kati ya gome na mti kuna tabaka jembamba la seluli hai, kambiamu, ambazo kazi yake ni kugawanyika: ndani zinatoa mti mpya, nje zinatoa gome jipya. Mti unapokua kwa kasi, seluli hizo huwa nyingi, zimejaa maji, na kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba gome huvuliwa kwa mkono likatoka kipande kizima. Wanaochuna kamba za magome wanaijua siku hiyo bila kuambiwa. Mti ukisimamisha ukuaji, kama wakati wa kiangazi kikali kwetu au majira ya baridi huko Ulaya, kuta za seluli hizo hukomaa na mshiko wa gome huongezeka mara mbili au zaidi. Ukilivuta wakati huo kwa nguvu, mara nyingi linachanika ndani ya gome lenyewe na kuacha utando juu ya mti. Kisha mti unapokauka, maji yanaondoka, seluli zinasinyaa, na vitu vya utomvu vilivyokuwa laini kama uji vinakuwa gundi ngumu. Ndiyo maana fito mbili za mti mmoja, moja iliyokatwa katikati ya masika na nyingine Septemba, zinaweza kukauka pamoja darini halafu ya kwanza ikajivua gome kwa vipande na ya pili ikakataa katakata.

Hapo pingamizi la kwanza linajileta lenyewe: ikiwa gome bichi linatoka kwa urahisi, kwa nini kusubiri likauke? Kwa baadhi ya miti jibu ni kwamba hakuna sababu ya kusubiri, mradi fundi awe tayari kulipa gharama yake. Mti mbichi ulioachwa wazi hupoteza maji kwanza kwenye uso, na uso unaanza kusinyaa wakati ndani bado kumelowa. Mbao haisinyai sawa pande zote: kwa urefu ni asilimia 0.1 au 0.2 hivi, kutoka kiini kwenda nje takriban 4, na kuzunguka shina takriban 8, tofauti zikiwa nyingi kati ya mti na mti. Uso unaotaka kusinyaa kwa asilimia 8 juu ya kiini kisichotaka kusogea hauna budi kupasuka, na nyufa hizo hutokea juu ya mgongo wa upinde ujao. Gome huzuia haraka hiyo. Anayeambua kabla ya kukausha lazima achukue nafasi ya gome kwa kupaka gundi, nta au mafuta mazito mgongoni na kwenye ncha zote mbili, na aweke mti wake mbali na jua na upepo. Wengi hawafanyi hivyo, wakalaumu mti.

Lakini gome lina hasara yake pia, na wanaolitetea huisahau. Chini ya gome ndiko wadudu wanakotaga. Mabuu ya mbawakavu wanaokula kambiamu huchimba njia zao kwenye mpaka uleule wa gome na mti, na njia hizo hukwaruza uso wa mti kwa mapito ya kukatiza nyuzi. Fundi anayebandua gome la ufito uliokaa mwaka mzima anaweza kukuta mgongo umeshaandikwa mifereji kabla yeye hajagusa kisu. Bungua nao hufuata wanga ulio katika mti mweupe wa nje, na vumbi laini linalomwagika chini ya rundo la fito ndilo huwa habari ya kwanza. Hukumu yangu ni kwamba gome liachwe wakati wa kukauka pale tu ambapo mti utakaguliwa mara kwa mara. Mti unaosahauliwa darini ni heri uambuliwe mbichi na kupakwa gundi.

Pingamizi la pili ni la mtu anayezijua kamba. Mkole, ambao hutumika kwa pinde na mishale katika sehemu kavu za Afrika Mashariki, una gome la nyuzi linalofungia vitu vizuri, na mbuyu hutoa kamba zinazoaminika tangu zamani. Ikiwa nyuzi za gome zina nguvu kiasi hicho, kwa nini tusiziache juu ya mgongo zisaidie kuvuta? Kwa sababu mzigo hauendi kwa aliye na nguvu, huenda kwa aliye mgumu. Vitu viwili vilivyogandana vikirefushwa kwa kiasi kimoja, kile kigumu zaidi ndicho hubeba sehemu kubwa, na gome lililokauka mtini, lenye nyuzi zilizotawanyika ndani ya tishu laini, huwa legevu zaidi kuliko mbao iliyo chini yake. Mti unabeba karibu mzigo wote, gome linapanda tu. Uzito wake, hata hivyo, ni lazima utupwe mbele pamoja na mikono ya upinde kila mshale unapoachiwa, na nguvu inayosukuma gome haisukumi mshale. Kisha gome la nje halivumilii kurefuka karibu asilimia 1. Linapasuka kwa kukatiza. Kuna wanaoacha ganda jembamba la ndani kwa ajili ya rangi au kujificha porini, na halina madhara likibaki jembamba, ila tusiliite nguzo.

Linalosumbua zaidi ni kwamba pinde mbili mashuhuri hazifuati utaratibu mmoja. Katika Mary Rose, meli ya kivita ya Kiingereza iliyozama karibu na Portsmouth Julai 1545 na kuopolewa 1982, zilipatikana pinde 172, na 137 kati ya hizo zilikuwa kamili. Zimechongwa kwa mti wa yew, na mgongoni umeachwa mti mweupe wa nje, ule unaokaa mara tu chini ya gome. Osage ya Marekani, mti wa Texas na Oklahoma, hufanyiwa kinyume: fundi huondoa gome, akaondoa na mti mweupe wote, akashuka hadi kwenye mti wa njano wa ndani. Je, kama uso wa chini ya gome ni wa thamani hivyo, mafundi wa Osage wanautupaje? Wanautupa kwa sababu wana uso mwingine wa kuufuata. Mti huo una pete za mwaka zilizo wazi kabisa: kila mwaka huanza na tabaka lenye matundu mengi, dhaifu, linalosagika chini ya kisu kwa mlio wa kukwaruza, kisha hufuata tabaka gumu linalong'aa. Fundi hufuata pete moja kutoka ncha hadi ncha, akipanda inapopanda na kushuka inaposhuka. Pete hiyo iliwahi kuwa uso wa chini ya gome mwaka fulani uliopita. Kwa hiyo kanuni haijavunjwa, imerudishwa nyuma miaka kadhaa.

Na hapa ndipo mti wa ukanda wetu unapomdai fundi zaidi kuliko mti wa Ulaya. Mahali penye masika na vuli, au penye mvua zisizotabirika, miti mingi haiweki pete moja safi kwa mwaka. Inaweza kuweka mbili, au isiweke yoyote inayoonekana kwa jicho. Aliyekosea na kukata mgongo wa Osage hushuka pete inayofuata na kuanza upya. Mwenye mti usio na pete hana ngazi hiyo ya kushukia. Uso uliopo chini ya gome ndio pekee ambao mti wenyewe umeuthibitisha kuwa hauna uzi uliokatwa.

Pingamizi kubwa kuliko yote, hata hivyo, linatoka hapahapa nyumbani. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, huchonga upinde kutoka mti mmoja mwembamba na kuupunguza unene kuelekea ncha zote mbili. Wawaata wa Kenya, waliowinda tembo katika nchi ya Tsavo, walikuwa na pinde za kuvutwa kwa zaidi ya ratili 100, sawa na kilo 45. Ufito unaochongwa mviringo na kupunguzwa pande zote, mgongo ukiwemo, hupoteza uso wake wa asili sehemu kubwa. Na kuna mafundi wa leo wanaonunua ubao ulionyooka nyuzi kutoka kiwanda cha mbao, ambao haujapata kuwa na uso wa chini ya gome hata siku moja, wakatoa upinde mzuri. Kama uso huo ungekuwa mtakatifu, pinde hizi zote zingekatika.

Tupige hesabu. Chukua mkono wa upinde wenye urefu wa sentimita 80, unene wa milimita 30 karibu na mshikio na milimita 15 kwenye ncha, uliochongwa mviringo kutoka ufito ulionyooka. Mgongo umeshushwa milimita 7.5 katika milimita 800. Huo ni mteremko wa 1 kwa 107 hivi, mpole mara nne kuliko ule wa 1 kwa 25 ambao hasara yake ni asilimia 4 tu. Nyuzi zimekatwa kweli, lakini kila uzi unaokatwa umelala juu ya mwenzake kwa sentimita nyingi kabla ya kuisha, na mvutano unapata muda wa kuhama taratibu. Pinde hizo za mviringo, kwa hiyo, zinasimama kama ushahidi wa hoja yangu: fundi ameondoa milimita 7.5 na upinde ukabaki mzima, wakati kisu kilichoteleza kimeondoa milimita 2 na kuuharibu. Sharti la siri katika hesabu hiyo ni ufito ulionyooka. Mti uliojipinda au wenye mafundo haukubali kuchongwa kwa mstari ulionyooka, kwa sababu mstari wa mchongaji na mstari wa nyuzi inaachana kwa pembe kubwa kila panapojipinda.

Mafundo yanastahili neno la peke yake. Nyuzi zinapokutana na tawi hugawanyika zikalizunguka, na uso wa chini ya gome hunyanyuka pale ukawa kinundu. Jaribu la kwanza la kisu ni kukisawazisha kinundu hicho, maana mkono wa mwanadamu unapenda kitu laini. Ukikisawazisha umezikata nyuzi zote zilizokuwa zikipanda kulizunguka fundo, kwa mteremko ambao unaweza kupita hata 1 kwa 5. Kwenye pinde za Mary Rose vinundu hivyo viliachwa vikiwa vimenyanyuka, ingawa zilikuwa silaha za jeshi zilizotengenezwa kwa wingi, na hakuna aliyekuwa na haja ya urembo wala subira isiyo na faida.

Kwa gome kavu lililokataa, basi, makali yana kikomo. Kisu chenye mipini miwili, kile cha kuvutia kifuani, kiondoe gome la nje pekee, hadi rangi ya kijivu iishe na ionekane ile ya kahawia ya gome la ndani, lenye nyuzinyuzi. Hapo chombo chenye makali kiwekwe chini. Kitambaa kilicholowa kikifungwa juu ya ufito usiku kucha, au mvuke wa sufuria ukipitishwa kwa dakika chache, hulainisha ile gundi ya kambiamu. Wengine wanaogopa kwamba maji yataharibu ukaushaji wa miezi yote, lakini maji huingia polepole sana kwa ubavu wa mbao. Usiku mmoja huishia milimita chache, na siku kadhaa za kivuli huyatoa. Hatari iko kwa anayeukimbiza juani ukauke upesi. Baada ya kulowa, utando wa kahawia hukwanguliwa kwa mgongo wa kisu, kipande cha mfupa au ubao mgumu, kwa kufuata urefu wa nyuzi. Kinachotafutwa ni mabadiliko ya rangi: kahawia inaisha, uso mweupe au wa maziwa unatokea, wenye mistari midogo isiyokatika. Mabaka machache ya kahawia yakibaki kwenye mashimo, yaachwe. Hayana uzito wowote wa maana, na jani la msasa litayapunguza baadaye.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mahangaiko, kwamba mgongo ulioharibika hufunikwa kwa kano za mnyama au ngozi mbichi ukapona. Ishi, mtu wa kabila la Yahi aliyetokea Oroville, California, mwaka 1911, alitengeneza pinde za mreteni zenye kano mgongoni mbele ya daktari Saxton Pope, naye Pope aliziandika. Kano zinavumilia kurefuka kupita mbao yoyote, hilo halina ubishi. Ila ni nzito kuliko mbao nyingi, na gundi ya ngozi inayozishika hupenda hewa kavu. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 50 na joto la nyuzi 25, mbao hutulia kwenye maji ya asilimia 9 hivi. Unyevu ukipanda hadi 80, kama inavyokuwa mara nyingi Mombasa au Tanga, mbao hufika karibu 16, na gundi ile hulegea nayo. Kwa mtu wa pwani, mgongo usiohitaji kufunikwa ni wa thamani zaidi.

Kisu kikiwa kimeshazama, bado kuna la kufanya, na hesabu ileile ndiyo inayolielekeza. Usichimbe kovu wala kulijaza gundi. Lirefushe. Kovu la milimita 2 likisawazishwa kwa kukwangua sentimita 5 kila upande wake, mteremko unashuka kutoka 1 kwa 5 hadi 1 kwa 25, na hasara kutoka asilimia 45 hadi 4. Kisha mkono huo utakuwa umepungua unene mahali pamoja, kwa hiyo kwangua tumbo la sehemu zilizobaki, na la mkono wa pili, hadi yote ikunjike sawa, na ukubali upinde wenye nguvu pungufu kuliko uliokusudia. Kama unene uliobaki hautoshi kwa hilo, ufito huo ni wa mpini wa jembe, usiuvute.